Picha za Kale Zilipokuwa Mpya

Simama ufukweni Matemwe, Unguja, saa nne za asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, uelekeze simu kwenye kisiwa cha Mnemba na upige. Kisha fungua programu ya kuhariri picha, uchague filta yenye jina la kizamani. Bahari itageuka rangi ya chai ya maziwa, pembe za picha zitaingia giza, mikwaruzo miwili mitatu itapita juu ya ngalawa, na aliye pembeni yako atasema ni kama picha ya enzi za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar wa karne ya 19. Sivyo. Fundi wa enzi za Barghash angesimama pale pale, saa ile ile, na angetoka na kitu kingine kabisa.

Mbingu yake ingekuwa nyeupe tupu. Bahari nayo, hii ya buluu na kijani ambayo hoteli zinaitangaza, ingepauka hata mstari wa upeo usionekane. Minazi ingetoka myeusi kama iliyoungua. Mwanamke anayerudi na mwani kichwani, kanga yake nyekundu ingekuwa nyeusi sawasawa na maua meusi yaliyochapwa juu yake, na uso wake ungekuwa na giza kuliko ulivyo. Karatasi yenyewe ingekuwa ya kahawia iliyoelekea zambarau, yenye kung'aa, na sehemu zake nyeupe zikiwa nyeupe kweli. Unjano na ufifio tunaouona leo katika picha za karne ya 19 uliletwa baadaye na unyevu, chumvi ya hewani, ukungu na mikono ya watu. Filta za simu zinaiga uchakavu wa picha, haziigi upigaji picha wenyewe. Mteja wa mwaka 1890 angekabidhiwa picha yenye sura hiyo, angeirudisha dukani na kudai rupia zake.

Kwa hiyo anayetaka kuirudisha sura ya kale hana budi kwanza ajue mafundi walikuwa wakifanya nini, na kwa vifaa gani. Kwetu habari hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Ugunduzi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Haikupita hata miaka kumi, kamera ikawa imeshafika pwani yetu. Kapteni Charles Guillain wa jeshi la majini la Ufaransa alizunguka Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 kwa meli iitwayo Ducouëdic, akitafuta habari za biashara na siasa, na msafara wake ulipiga picha za watu na za miji ya pwani. Picha ya Daguerre ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha. Haikuwa na negativu, haikuweza kurudufiwa. Ili zichapwe kitabuni, picha hizo zilichorwa upya na wachoraji juu ya mawe ya kuchapia. Wasomaji wa Ulaya walipofungua kitabu cha Guillain katika miaka ya 1850, walitazama mchoro uliotokana na picha, na mkono wa mchoraji ulikuwa umeshapita juu ya kila uso. Yaani picha za kwanza za pwani hii kuwafikia watu wengi zilikuwa zimeshahaririwa. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema uhariri umekuja na kompyuta.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alieleza njia ya kolodioni, na ndiyo iliyotawala kwa miaka thelathini iliyofuata. Fundi alimwaga juu ya kioo maji mazito yanayonata, akakizamisha katika nitrati ya fedha, akakitia katika kamera kikiwa bado kimelowa, akapiga, kisha akakisafisha kabla hakijakauka. Yote hayo kwa dakika chache, na katika giza. Ulaya ilikuwa kazi ngumu. Katika joto la Unguja, ambako etha iliyomo ndani ya kolodioni huruka upesi, ilikuwa adhabu. James Augustus Grant alipofika Zanzibar mwaka 1860, akielekea bara pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile, alikuwa na kamera na alipiga picha kisiwani. Walipoingia bara Speke aliirudisha kamera pwani. Aliandika kwamba joto la kile kihema kidogo cha kutayarishia vioo lingemuua mwenzake. Grant akashika brashi na rangi za maji mpaka mwisho wa safari.

Kolodioni ilikuwa na upofu wake. Iliona nuru ya buluu na ya urujuani tu. Kijani iliiona kwa shida, na nyekundu kwake ilikuwa giza. Hapo ndipo penye siri ya sura ya kale. Mbingu ya buluu iliunguza kioo upesi, ikatoka nyeupe bila wingu. Majani yakawa meusi. Ngozi ya kahawia, ambayo ina wekundu na unjano mwingi ndani yake, ikatoka na giza lisilokuwepo mbele ya kamera. Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba ukitia rangi maalumu kwenye kemikali, kioo huanza kuona kijani. Lakini vioo vinavyoona rangi zote, pamoja na nyekundu, havikuuzwa madukani hadi mwaka 1906. Kwa muda wote huo sura za Waafrika zilikuwa zikiandikwa na chombo kisichoona rangi zao. Watu wa Ulaya waliofungua albamu za Zanzibar na kuona nyuso zisizo na undani walidhani wanaona ukweli, na mara nyingi maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yaliwaongoza wadhani hivyo hivyo.

Wakubwa wa Zanzibar hawakungoja kamera iwafuate. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyekimbilia Hamburg na kuitwa Emily Ruete, alipigwa picha huko akiwa amevaa mavazi ya nyumbani kwao, na picha hiyo ndiyo watu wanaomkumbuka nayo hadi leo. Barghash alipozuru London mwaka 1875 alikaa mbele ya kamera ya studio ya Maull pamoja na watu wake. Tazama mikao yao. Hakuna aliyeshtukizwa. Walijua picha ni hati, nao waliitia saini kwa majoho na majambia.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, ilishikwa na Wagoa. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mtu aliyetaka picha Mji Mkongwe alikwenda kwa A. C. Gomes au kwa J. B. Coutinho, raia wa Ureno kutoka Goa, Wakatoliki, watu wa mjini. Walipiga picha za masultani, mabalozi, maharusi, mitaa, meli bandarini, mikarafuu. Karatasi waliyoitumia ilipakwa ute wa yai uliochanganywa na chumvi, kisha nitrati ya fedha. Viwanda vya Dresden vilivunja mamilioni ya mayai kwa mwaka ili kuilisha biashara hiyo duniani. Fundi alikibana kioo juu ya karatasi ndani ya fremu, akaiweka juani, akaichungulia kila baada ya muda mpaka picha ijitokeze yenyewe. Hakukuwa na kukuza: kioo kikiwa kikubwa kama kitabu, picha nayo ikawa kubwa kama kitabu. Kisha akaitia katika maji ya dhahabu. Dhahabu hiyo ndiyo iliyoleta ile zambarau, na ndiyo iliyosaidia picha idumu.

Kwa sababu hakuna kilichokuzwa, picha za Gomes hazina chembechembe. Chukua kioo cha kukuzia, utahesabu misumari ya mlango. Filta za simu humwaga chembechembe juu ya rangi ya kahawia kana kwamba vitu hivi viwili vilizaliwa siku moja. Chembechembe ni za filamu ndogo ya milimita 35, iliyoenea kati ya vita viwili vya dunia na baada yake. Kahawia ya yai ilikuwa imeshaondoka. Na ile miali ya rangi ya chungwa inayovuja pembeni ni ya kamera za plastiki za miaka ya 1960 na 1970. Picha ya namna hiyo ni kama mtu aliyevaa kilemba cha zama za Barghash na suruali ya bugaluu, akadai anakwenda barazani kwa Sultani.

Hata tarehe ya picha haisomwi katika uchakavu wake; majengo husema zaidi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga ikulu ya Zanzibar kwa chini ya saa moja, na Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Wapiga picha walikwenda kwenye magofu. Kabla ya siku hiyo mnara wa saa ulisimama peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, ukitumika pia kama mnara wa taa kwa meli. Mabomu yaliuharibu, na mnara mpya ukajengwa ukiwa sehemu ya uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo picha ya forodhani yenye mnara uliosimama peke yake ni ya kabla ya Agosti 1896, hata iwe safi namna gani. Yenye mnara juu ya jumba ni ya baadaye, hata iwe imechakaa vipi. Nimeona picha za pili zikiuzwa kwa maelezo ya kwanza, tena kwa watu waliosoma. Tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka pamoja na mnara huo, picha hizo zimekuwa na kazi nyingine isiyokuwa ya kupamba kuta za hoteli.

Ikaja biashara ya postikadi, iliyopamba moto kuanzia 1900 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Picha za Gomes na Coutinho zilivuka bahari, nyingi zikachapwa Ujerumani, na mara nyingine zikatiwa rangi na watu ambao hawakupata kuiona Unguja. Wao ndio waliochagua kama kanga iwe ya waridi au ya kijani. Biashara hiyo pia ilifuta majina. Mwanamke aliyekaa mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani aliitwa jina na mama yake, lakini kwenye postikadi akawa "msichana wa Kiswahili", au "mrembo wa Zanzibar", au suria. Wengine katika picha hizo walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897 tu, na masuria walibaki nje ya sheria hiyo hadi 1909. Mtu anayetaka "sura ya kale" kwa ajili ya picha za harusi ufukweni anapaswa kulijua hilo kabla hajamkalisha bibi harusi katika mkao ule ule.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyetoka Gujarat, alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye mwanawe aliiendeleza Shangani. Humo Sultani Khalifa bin Harub na mwenye duka la nguo walisimama mbele ya taa zile zile. Hii ni sura nyingine kabisa ya zamani: nyeusi na nyeupe ya jelatini, taa ya umeme inayotoka pembeni, ngozi zilizolainishwa kwa penseli juu ya negativu. Naam, penseli. Fundi aliyekuwa hodari aliinamia kioo chenye mwanga nyuma yake, akafuta chunusi na mikunjo, akainyoosha shingo. Studio nzuri za pwani zilikuwa na watu wa namna hiyo. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio mwaka 1942 na vijana wakaja na redio zao, miwani yao ya jua, ndoto zao za sinema za Bombay. Lamu, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi: alikata picha kwa mkasi, akavipandikiza vichwa na miili mahali pengine, akapiga tena picha ya ule mchanganyiko hadi mshono usionekane. Haya yalikuwa mambo ya miaka ya 1960 na baadaye, katika mji ambao gari lilikuwa kioja. Kwa maoni yangu Bakor ndiye babu halali wa kila kijana wa pwani anayehariri picha kwa simu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili mji. Wahindi, Waarabu na Wagoa wengi waliondoka, na albamu zikaondoka nao: Muscat, Dubai, London, Toronto. Picha ya harusi iliyopigwa Mji Mkongwe inaweza leo kupatikana katika droo ya Muscat kwa urahisi kuliko hapa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hazina yake, na Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kinahifadhi mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya 1860 na 1960, nyingi zikiwa zimetiwa kwenye mtandao. Anayetaka kujua sura ya kale aanzie huko. Filta zinaweza kusubiri.

Picha za rangi zilipofika majumbani zilikuja na uzee wa aina yao. Karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipoteza rangi ya samawati kwanza hata zikikaa gizani ndani ya albamu, zikabaki na wekundu, kana kwamba nyumba nzima ilipigwa picha wakati jua linakuchwa. Tena filamu na karatasi hizo zilipimwa kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, aliyeitwa Shirley, na katika picha moja yenye watu wa ngozi mbalimbali fundi alilazimika kuchagua nani aonekane. Kosa la kolodioni lilikuwa la maumbile. Hili lilikuwa la uamuzi.

Simu zikaja. Hipstamatic ilitoka mwishoni mwa 2009, Instagram ikafuata Oktoba 2010, na filta zao za mwanzo ziliiga Polaroid na kamera za bei rahisi za utoto wa Wamarekani. Uzee uliomo ndani ya simu zetu ni wa watu wengine. Mtoto wa Unguja wa miaka ya 1970 hakuwa na Polaroid. Alikuwa na picha ndogo nyeusi na nyeupe yenye ukingo mweupe na muhuri wa studio nyuma.

Sasa tuseme mtu yuko Matemwe na anataka kwa dhati sura ya miaka ya 1870. Njia ya kidijitali ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Apige picha ghafi, isiyobanwa na simu, kisha katika kichanganyio cha rangi aizime nyekundu na kijani, abaki na buluu peke yake. Papo hapo mbingu itatoweka, minazi itaingia giza, tanga la ngalawa litawaka. Atie kioo cheusi mbele ya lenzi ili apate sekunde tano au kumi. Mawimbi yatakuwa moshi na kila asiyetulia atageuka kivuli. Asitie chembechembe. Asitie mikwaruzo. Rangi aitie mwisho, kidogo, yenye zambarau, na aviache vyeupe viwe vyeupe. Kwa filamu, zipo bado zile zisizoona nyekundu: Ilford Ortho Plus ilitolewa katika mikebe ya milimita 35 mwaka 2019. Shida yake ni maji. Kemikali nyingi hupimwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba la Unguja mwezi wa Februari yako mbali na hapo, kwa hiyo barafu ya muuza samaki inakuwa kifaa cha studio. Jelatini iliyopata joto huvimba na kuchubuka ukingoni. Mafundi wa zamani waliikaza kwa formalini au kwa shabu ya kromu, na walipenda kufanya kazi usiku.

Zaidi ya hapo kuna njia ya kuchanganya: negativu inatengenezwa kwa kompyuta, inachapwa kwenye karatasi ya plastiki angavu, kisha inawekwa juani juu ya karatasi iliyopakwa kemikali kwa mkono, kama alivyofanya Gomes. Hapa mashine na jua vinagawana kazi, na naiona ni njia ya haki kuliko zote kwa sababu uzee wake, ukija, utakuja wenyewe.

Programu za akili bandia zinazodai kurudisha rangi za picha za kale nazikwepa. Kioo cha fundi wa kale hakikutofautisha nyekundu na nyeusi. Habari hiyo haimo ndani ya picha, na hakuna hesabu itakayoitoa. Programu inakisia kanga kama wale mafundi wa postikadi wa Ujerumani walivyokisia, tofauti ni kwamba inakisia kwa sekunde mbili. Ukiwa na picha ya bibi yako, muulize shangazi rangi ya kanga ile, uiandike nyuma pamoja na jina.

Jambo moja la kale linaifaa Matemwe kuliko Mji Mkongwe, nalo halikutoka studio. Mwaka 1842 John Herschel aligundua picha ya buluu inayotengenezwa kwa chumvi za chuma, bila fedha wala kamera. Mwaka uliofuata Anna Atkins wa Uingereza akaanza kuitumia kuchapa mimea ya baharini ya kwao, akiulaza mwani wenyewe juu ya karatasi na kuuacha juani; kazi yake huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na Matemwe wanawake wanaufunga kwenye kamba mpaka leo. Kemikali mbili, karatasi nzito, jua la saa tano kwa dakika chache, ndoo ya maji. Tahadhari ni moja. Visima vya huku vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa, na chokaa huila buluu hiyo hadi ipauke. Kamulia ndimu ndani ya ndoo kabla hujaosha.